Mrija wa maji ya kichwa, fangasi wakiwa bado wapo

SWALI: Mdogo wangu ana homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya kriptokokasi, na maji yamejaa kichwani. Daktari anataka kumwekea mrija. Si hatari kabla fangasi hawajaisha?

JIBU: Pole sana. Akishaanza dawa za fangasi, mrija huwekwa bila kusubiri fangasi waishe. Kinachoua haraka ni presha ya kichwani. Ikifika sentimita 25 za maji, hupunguzwa kwa kuchota maji hayo kwa sindano ya mgongoni hadi chini ya 20, hata kila siku. Isipotulia, mrija wenye vali (kilango cha kudhibiti maji) hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, hadi tumboni. Mrija hauui fangasi, kwa hiyo flukonazoli, dawa yake ya fangasi, asiiache kabisa. Akitapika, kichwa kikirudi kuuma au akisinzia ovyo, huenda mrija umeziba: mrudishe hospitali siku hiyohiyo.