Kuchanganya sproketi za kaseti mbili: nilivyofanya, na pale nilipoharibu

Mkuu, umeuliza kama inawezekana kutoa sproketi (gurudumu lenye meno) mojamoja kwenye kaseti yako, yaani lile fungu la sproketi la gurudumu la nyuma la baiskeli, ya gia 9 (11-32, ndogo kabisa ina meno 11 na kubwa kabisa 32) na kuweka nyingine, kwa sababu ile ya 11 huitumii kabisa na pale katikati miguu haipati gia inayoifaa. Inawezekana. Mimi natembelea kaseti ya kuunganisha hivyo hadi leo. Ila ya kwanza niliyoiunda ilinifungukia njiani nikarudi nyumbani nikisukuma, kwa hiyo soma kwanza kabla hujashika spana.

Kaseti ya 11-32 ya kawaida imepangwa 11-12-14-16-18-21-24-28-32. Tazama pale 18 na 21. Mimi mbele nina meno 44, na tairi langu likizunguka mara moja baiskeli inasogea kama mita 2.1. Nikikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, 18 inanipeleka karibu kilomita 27.7 kwa saa, na 21 inanipeleka 23.8. Mwendo wangu kwenye tambarare, kukiwa na upepo kidogo wa mbele, ni 25 au 26. Yaani nilikuwa naishi ndani ya pengo! Nikiweka 18 mapaja yanaungua, nikiweka 21 miguu inakanyaga hewa. Na ile 11, kwa mizunguko hiyohiyo, inadai kilomita 45 kwa saa. Mwendo huo ni wa mteremkoni, na mteremkoni mimi huwa sikanyagi, nashika breki na kusali.

Ndani nilikuwa na kaseti nyingine ya gia 9, ya 12-25, yenye 12-13-14-15-17-19-21-23-25. Nikazimwaga zote mbili juu ya gazeti na kuanza kupanga kama anayecheza karata. Nilichotaka ni kubaki na 24-28-32 kwa ajili ya milima, kisha huku chini nijaze zilizokaribiana. Nikapata 13-14-15-17-19-21-24-28-32. Kwenye karatasi ilipendeza mno. 44 kwa 13 inatoa kilomita 38 kwa saa, na hizo zinanitosha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Sproketi ya kwanza, ile ndogo ya nje kabisa, si sawa na wenzake. Ishike mkononi uiangalie: uso wake wa nje una mikwaruzo midogo iliyopangwa kama miale, na nyuma yake ina ukingo mnene unaofanya kazi ya spesa, yaani pete ya kutenganisha sproketi. Ile mikwaruzo inang'atana na mikwaruzo ya nati ya kaseti, ile inayozibana sproketi zote, ndiyo maana nati haifunguki yenyewe. Sasa 13 ya kaseti yangu ilitengenezwa kukaa nafasi ya pili. Ni bapa pande zote mbili. Mimi nikaiweka ya kwanza, nikaipa spesa nyuma, nikakaza. Ukikaza nati ya kaseti ipasavyo unasikia krrr-krrr-krrr mwishoni. Sikusikia kitu. Nikajiambia grisi imezidi.

Baada ya kilomita chache gia zikaanza kujihamisha zenyewe. Nikasimama, nikashika kaseti kwa vidole, ikachezacheza kama jino la mtoto. Nati niliifungua kwa mkono mtupu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuanza na sproketi iliyozaliwa kuwa ya kwanza. Zipo za 13 na hata za 14 za nafasi hiyo, ila hutoka kwenye kaseti zinazoanzia na meno hayo. Kwangu iliyokuwepo ilikuwa 12, nikarudi mezani na kupata hii ninayoitumia: 12-14-15-17-19-21-24-28-32. Kutoka 12 kwenda 14 kuna mruko, sawa, lakini huko mimi hufika mara moja moja. Ile 19 inanipa kilomita 26 kwa saa, na ndiko cheni inakoshinda siku nzima. Chukua pia nati iliyokuja na hiyo sproketi ya kwanza. Nati ya kaseti zinazoanza na 12 ni pana kuliko ya 11, na ukiifunga juu ya 11 cheni itakuwa inapanda juu yake.

Jambo la pili ndilo watu hawaliambiwi. Meno ya sproketi za siku hizi hayafanani. Mengine yamekatwa mafupi, mengine yamepindwa kidogo, na ubavuni kuna vijinjia vya kupandishia cheni. Hivyo vyote vimepangwa kwa kutazama jirani yake. 24 inajua 21 yake iko wapi. Ukichanganya kaseti mbili lazima upatikane mpaka ambapo majirani hawajuani, na hapo gia itaingia kwa kusuasua au kwa kishindo. Huwezi kuukwepa huo mpaka, lakini unaweza kuchagua uwe wapi. Mimi nilikuwa na 21 mbili, moja ya kila kaseti. Nilianza na ile ya 12-25, mpaka ukawa kati ya 21 na 24, pale ambapo mlima unaanza nami nabadilisha gia huku nimekandamiza pedeli. Ilipiga kelele hiyo! Nikaitoa, nikaweka 21 ya kaseti ya 11-32. Sasa 21-24-28-32 ni ndugu wa damu, na mpaka umehamia kati ya 19 na 21, ambako nabadilisha nikiwa nimetulia. Bado nausikia kidogo nikishika liva kwa pupa. Mpaka mwingine uko kati ya 12 na 14, huo sijawahi hata kuusikia.

Hakuna haja ya kuhangaika kulinganisha sproketi zikae vizuri kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Mifereji ya habu ya aina ya Shimano ina mmoja mwembamba kuliko mingine, hivyo sproketi inaingia kwa namna moja tu. Maandishi ya idadi ya meno yatazame nje.

Spesa nazo zisikudanganye kwa macho. Za gia 9 ni milimita 2.56, za gia 8 ni milimita 3. Tofauti ni 0.44, unaweza kusema si kitu. Weka nne za aina isiyofaa na umeshapotea kwa milimita 1.76, wakati hatua nzima ya gia 9 kutoka sproketi hadi sproketi ni kama 4.35. Direla, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, itakuwa inapeleka cheni katikati ya sproketi mbili. Pima kila moja kwa kalipa (kipimo cha unene). Sproketi zenyewe za gia 8 na za gia 9 zinakaribiana unene, kwa hiyo kaseti ya zamani ya gia 8 inaweza kukupa sproketi ilimradi spesa ziwe za 9.

Kuhusu kutenganisha: kwenye kaseti nyingi za bei ya chini, sproketi kubwa zimeshikwa pamoja na riveti tatu ndefu zinazopita katikati. Piga tupa vichwa vya riveti nyuma ya ile kubwa kabisa, au vitoboe kwa keekee, kisha zigonge zitoke. Hakuna kinachoharibika, riveti zile husaidia zaidi wakati wa kufunga. Lakini angalia habu yako. Kama sehemu inayobeba kaseti ni ya chuma, endelea bila wasiwasi. Kama ni ya aluminiamu, sproketi zilizoachwa mojamoja zitauma mifereji yake, na siku utakapotaka kuzitoa utazigonga moja baada ya nyingine huku unatukana. Na kama zile kubwa zimekaa juu ya kibebeo kimoja cha aluminiamu, hizo ziache kama zilivyo, cheza na ndogo tu. Kaseti za gia 11 na 12 mara nyingi ziko hivyo. Zinazoachana ni zile ndogo za mwanzo.

Vifaa ni viwili: kifaa chenye meno cha kuingia ndani ya nati, na mpini wenye kipande cha cheni wa kuizuia kaseti isizunguke. Bila huo mpini utabaki unazungusha tu. Wakati wa kurudisha, kaza kwa Nm 40 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ni nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Uliuliza pia kama utarekebisha direla na kukata cheni. Ukibaki na 32 ileile, cheni haibadiliki urefu, na skrubu za mipaka, zile zinazoizuia direla isivuke sproketi ya mwisho kila upande, huzigusi kwa sababu ya kwanza na ya mwisho ziko palepale. Ukiongeza ile kubwa, ikawa 34 au 36, hiyo ni kazi nyingine: cheni iongezwe na uhakikishe direla yako inaufikia ukubwa huo.

La mwisho ni uchakavu, maana hili nalo lilinila. 17 yangu ilitoka kwenye kaseti iliyotembea sana na cheni ilikuwa mpya. Nikisimama juu ya pedeli, tak! cheni inaruka jino, goti linagonga usukani. Sproketi zingine zote kimya, ni hiyo moja tu. Pima cheni yako kwa rula kabla ya kuchanganya chochote: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 cheni mpya ni sentimita 30.48, na ikifika 30.63 imeshaanza kuchosha sproketi. Kama umeikuta imevuka hapo muda mrefu, sproketi ngeni iliyo mpya haitaelewana nayo, afadhali ubadilishe na cheni.

Tuwekee picha ya nyuma ya kaseti yako, upande wa spoku, ili tuone kama ina riveti au kibebeo, na useme kaseti ya pili uliyo nayo inaanza na meno mangapi.