Kushusha magari kando ya barabara: kwa dereva anayeanza kazi ya trela

Ndugu yangu, kama umepata kazi ya kuendesha trela la kubeba magari kutoka Mombasa kwenda Nairobi, utafundishwa kupakia. Utaonyeshwa jinsi ya kukaza mikanda, kuinua sakafu ya juu, na gari lipi litangulie. Kushusha utaachiwa ujifunze mwenyewe, kwa kuwa wengi huona ni kupakia kinyumenyume tu. Si kweli. Unapakia ndani ya yadi, geti limefungwa na hakuna anayekupita kwa kasi. Unashusha ukiwa Ngong Road au Kiambu Road, mbele ya lango la mteja, umechoka kwa safari ya karibu kilomita 500, na matatu zinakupita ubavuni.

Usalama wako huamuliwa kabla hujazima injini, pale unapochagua mahali pa kusimama. Usisubiri kufika ndipo uanze kutafuta. Ukipumzika Mtito Andei mpigie mteja simu, umuulize: lango lako linaingiza trela? Kama haliingizi, kuna kituo cha mafuta karibu, au kiwanja, au ua wa ghala ambapo tunaweza kushusha, kisha magari yaletwe moja moja? Wenye vituo wengi hukubali ukiwaomba mapema na ukija saa ambazo hawana wateja wengi. Wakitaka pesa kidogo, mwambie mwajiri azilipe. Mteja atakuambia, "Shusha hapa hapa, ni dakika tano tu." Hazijawahi kuwa dakika tano. Kushusha magari sita au saba kwa utaratibu ni kazi ya saa nzima na zaidi, na ukiifanya haraka, anayehatarishwa ni wewe na taniboi wako, kijana anayekusaidia safarini, wala si mteja. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

Wapo wanaoamini kwamba ukishatoka kwenye lami umeokoka. Tukumbuke Londiani, kule Kericho, tarehe 30 Juni 2023. Lori lililoshindwa kudhibitiwa liliacha barabara likavamia matatu, wachuuzi na watu waliokuwa kando ya njia panda, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wale hawakuwa katikati ya barabara.

Ikibidi kabisa kushushia kando, tafuta sehemu iliyonyooka ambapo dereva anayekuja atakuona kwa mbali. Usisimame baada ya kona, wala ng'ambo ya kilele cha mlima, wala karibu na stegi. Trela lote litoke kwenye lami, na unapopima nafasi hesabu pia rampu, zile njia mbili za chuma zinazoshuka nyuma, pamoja na urefu wa gari litakaloishia chini yake. Wengi hupima trela peke yake, kisha gari la mwisho linateremkia barabarani. Kanyaga udongo kwa mguu wako. Msimu wa mvua ukingo hulainika, na trela likiinamia mtaroni na sakafu ya juu bado imebeba, hakuna tena kazi ya kufanya hapo ila kuita msaada.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Sisi huendesha upande wa kushoto, na kiwango cha KS 1515 kinachosimamia uagizaji wa magari yaliyotumika hutaka usukani uwe kulia. Maana yake, ukiegesha trela kushoto na magari yametazama mbele, kila mlango wa dereva unafungukia upande magari yanakopita. Ukiwa juu unakanyaga ukingo mwembamba wa chuma, pengine una mafuta au umande, na ukiteleza unaangukia kwenye lami yenyewe.

Dawa yake iko Mombasa. Magari ya juu, pale umbo na nafasi vinaporuhusu, yapakie kwa kurudi nyuma, yatazame mkia wa trela. Hapo mlango wa dereva unakuwa upande wa majani. Na siku ya kushusha utateremka ukitazama mbele, macho yako kwa magari yanayokuja, badala ya kuteremka kinyumenyume huku shingo imepinda. Kupanda kwa rivasi ni kugumu, na mkuu wa yadi atalalamika kwamba unachelewesha foleni. Vumilia ugumu huo ukiwa ndani ya geti.

Kagua pia mitambo yako ya haidroli iko upande gani. Trela lililotengenezewa nchi zinazoendesha upande wa kulia, kama Ujerumani au Ufaransa, linaweza kuwa na vishikio upande wa kulia kwa sababu kule ndiko kwenye ukingo. Kwetu ndiko kwenye magari. Ukikuta hivyo, mwombe mwajiri fundi avihamishe, na mpaka vihamishwe usivishike barabarani bila mtu wa kukulinda mgongo. Na kabla hujaingia chini ya sakafu iliyoinuliwa, hakikisha pini za chuma zimeingia. Haidroli peke yake usiiamini.

Kuhusu laifseva, zile pembetatu nyekundu, wengi huziweka hatua kumi nyuma ya trela kana kwamba ni pambo. Fanya hesabu. Gari la kilomita 80 kwa saa huenda mita 22 kwa sekunde moja. Pembetatu ikiwa mita 50 nyuma, dereva ana sekunde mbili na kidogo tangu anapoipita mpaka akufikie, na katika sekunde hizo anatakiwa ashtuke, akanyage breki, na gari lisimame. Kwenye barabara kuu peleka ya kwanza mita 150 hivi, ya pili katikati. Ukiipeleka tembea kwenye majani ukiyatazama magari, umeishika kifuani ili nayo ikulinde. Matawi ya miti si mabaya kama nyongeza, mradi uyaondoe baadaye. Taa za hazadi washa, lakini usizitegemee: madereva wetu huziwasha kwa mvua, kwa shukrani na kwa kusimama vibaya, na anayeziona hajui unamaanisha lipi. Isitoshe, mtu au gari likiwa kwenye rampu, taa za nyuma zaweza kufichika kabisa.

Taniboi wako mpe kazi moja wakati wa kushusha: kutazama barabara. Asifungue mikanda, asibebe kabari, asizungumze na mteja. Avae jaketi la kuakisi, awe na filimbi, na mkubaliane kabla kwamba akipuliza mara moja, kila kitu kinasimama. Asimame pembeni mwa rampu upande wa majani, kamwe si nyuma ya gari linaloteremka. Aangalie pande zote mbili, kwa maana bodaboda hupita hata kushoto, kwenye vumbi, baina ya trela na ukuta wa mteja, mahali ambapo wewe unadhani hapapitwi. Nimesikia waajiri wakisema huo ni uvivu, kijana hawezi kulipwa kwa kusimama. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote siku hiyo, na nataka alipwe kwa ajili yake.

Magari yenyewe nayo yana mambo yake. Yamekaa wiki nyingi melini na bandarini, na betri nyingi zimekufa. Usikubali kamwe gari literemke kwa uzito wake huku injini imezimwa. Breki za magari haya husaidiwa na injini, na ikiwa imezimwa, ukikanyaga mara moja au mbili pedali inakuwa ngumu kama jiwe, nawe uko katikati ya rampu unaelekea barabarani. Shtua betri kwanza, injini iungurume, jaribu breki ukiwa bado juu. Lisipowaka, tumia winchi, polepole, au liache likashushwe ndani ya yadi yenye nafasi.

Giza likiingia, usishushe kando ya barabara. Kwetu jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa moja ni usiku kamili. Ukiona utachelewa, lala Mlolongo au Athi River uingie mjini asubuhi, na mwajiri umjulishe mapema ili aongee na mteja.

Ukimaliza, pandisha rampu na ufunge kila kitu pembetatu zikiwa bado mahali pake. Mawe uliyozuilia matairi yatupe mbali na lami. Jiwe lililoachwa pale usiku huangusha mwendesha pikipiki. Kisha anza na pembetatu ya karibu, ya mbali iwe ya mwisho, urudi ukipita kwenye majani huku taniboi akitazama magari yaliyo nyuma yako. Aingie ndani ya kabini, akae, afunge mkanda, ndipo uwashe indiketa ya kulia na usubiri nafasi ya kweli ya kuingia.