Bomba la Uganda linaishia Tanga, siyo Lamu

Kuna aliyeandika kwamba bomba la Uganda linaishia Lamu, Kenya. Hapana, amechanganya. Bomba la mafuta ghafi la Uganda linaanzia Kabaale, Hoima, na kuishia Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Njia ya Lamu kupitia Lokichar, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa mezani kweli, hata marais wa Kenya na Uganda walikubaliana 2015, ila Kampala ikageuka Aprili 2016. Sababu kubwa ni gharama na usalama wa njia hiyo ya kaskazini. Kumbuka mafuta ya Hoima yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba linapashwa moto njia nzima. Hapo kila kilomita na kila kilima ni hela, na Tanga tayari kulikuwa na bandari inayofanya kazi.

Ila msikimbilie kusema Uganda imeihama Kenya. Shehena yake kubwa bado inapita Mombasa, pamoja na petroli na dizeli inayotumia yenyewe. Mafuta ghafi njia yake ni Tanga, yaliyosafishwa yanaingilia Mombasa. Museveni anakula kwa mikono miwili, basi.