Paa la mbao Tanga: dari ina madoa ya chai, kona moja inadondosha punje, nibomoe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yetu iko Tanga, kutoka baharini ni kama dakika 10 kwa mguu. Tuliezeka 2013, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi (mbao za juu yake zinazoshika bati) zote ni paini, bati migongo mipana, afu 2019 tukaweka dari ya jipsamu na tukaziba vizuri kwa nje sababu popo walikuwa wanatusumbua. Toka masika ya mwaka huu dari ya upande wa bafu imetoka madoa rangi ya chai, kuna harufu ya ukungu, na kinachonichanganya saa nyingine asubuhi nakuta doa bichi wakati usiku hakujanyesha hata tone. Pia sebuleni kona moja kila siku nafagia vitu kama punje za mchanga. Fundi wa kwanza kasema mbao zimekwisha tubomoe paa lote, wa pili kasema tupake oili chafu yataisha. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba dada yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, maana kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyepanda na tochi. Paa la miaka hiyo la paini likitunzwa bado lina umri mrefu tu mbele, na wewe una matatizo mawili tofauti ambayo yamekutana nyumba moja, tuyatenganishe.

Tuanze na doa bichi la asubuhi maana hapo umenipa jibu mwenyewe bila kujua. Kama hakujanyesha na doa ni bichi basi hayo maji hayajatoka mawinguni, ni jasho la bati. Hewa ya pwani imejaa mvuke muda wote, usiku mbingu ikiwa wazi bila mawingu bati linapoa haraka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, kufika saa kumi na moja alfajiri upande wa chini wa bati unatoka matone vilevile kama chupa ya soda uliyoitoa kwenye friji. Matone yanateleza mpaka kwenye papi, yanashuka na kenchi, yanatua juu ya jipsamu. Sasa zamani hii ilikuwepo pia ila hewa ilikuwa inapita, jua likitoka kufika saa nne kila kitu kimekauka. Nyinyi 2019 mkaziba pote kwa ajili ya popo, yani mvuke umefungiwa ndani hauna pa kutokea, na upande wa bafu ndo kabisa, angalia pia kama feni ya bafu au kitundu cha mvuke hakimwagii humohumo juu ya dari, nimeshakuta hivyo nyumba nyingi tu.

Mbao yenyewe haiogopi kulowa, inaogopa kulowa isikauke. Mbao iliyo kivulini huku pwani inakaa na unyevu wa kama asilimia 14 mpaka 17 hivi, hapo haiozi hata ikae miaka mia. Ikivuka asilimia 20 na ikabaki huko wiki kwa wiki ndo kuvu anaanza kula. Kwaiyo kazi yako ya kwanza wala sio dawa, ni hewa. Fungua matundu chini kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) na mengine juu kwenye pembe za gebo (ukuta wa pembetatu ubavuni mwa paa) au karibu na kofia ya bati kule kileleni, hewa iingie chini itokee juu. Kipimo kinachotumika sana na wajenzi ni eneo la matundu liwe 1 kwa 150 ya eneo la dari, kwa dari ya mita za mraba 100 ni kama mita za mraba 0.67, nusu yake chini nusu juu. Popo wasikutishe, kila tundu liwekee wavu wa chuma wenye macho madogo, milimita 6 inatosha, popo haingii na hewa inapita. Ule wavu wa plastiki wa mbu achana nao, jua la huku linaumaliza haraka.

Kabla ya kufungua hayo matundu lakini, panda. Mwenyewe au kijana unayemwamini, saa mbili asubuhi kabla bati halijapata moto, mchana huko juu ni tanuri mtu anaweza kuzirai. Akanyage juu ya kenchi tu, akikanyaga jipsamu atashukia mezani kwenu. Achukue tochi, nyundo na bisibisi bapa. Kwanza aguse chini ya bati kwa kiganja, kama kumelowa basi habari ya jasho imethibitika. Kama bati ni kavu ila kuna michirizi inayotokea sehemu moja, hiyo ni uvujaji, atafute msumari uliolegea kofia au ile vali pale paa mbili zinapokutana, vali ikijaa majani ya mwembe maji yanapanda kinyumenyume chini ya bati.

Afu mbao. Agonge na nyundo, mbao nzima inalia "ko", iliyooza inalia "pu" kama unagonga boga. Penye mashaka achomeke ncha ya bisibisi pembeni ya mbao aiinue kidogo kama anang'oa kijiti. Mbao nzima itatoa kijiti kirefu chenye nyuzi na utasikia ikilalamika. Iliyooza inakatika kipande kifupi papo hapo kimyakimya, kama biskuti iliyoingia hewa. Hicho kipimo hakina gharama na hakijawahi kunidanganya. Aanzie kwenye miguu ya kenchi pale inapokaa juu ya wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta), maana ncha ya mbao inanyonya maji kuliko ubavu mara nyingi sana, na ukuta nao unaleta unyevu wake. Hata zile boriti za mikoko kwenye nyumba za zamani za Unguja na Lamu, katikati unakuta zimesimama kama chuma na ncha iliyozama ukutani imekuwa unga.

Huyo aliyesema bomoa lote, muulize amekuta kenchi ngapi mbovu. Kama ni miguu miwili mitatu upande wa bafu, unasimamisha mirunda kwanza kubeba mzigo, unakata sehemu iliyooza mpaka uone mbao nzima na unaongeza futi moja ya usalama, afu unalaza mbao mpya ubavuni ya saizi ileile ipande futi 3 au 4 kwenye nzima, unafunga kwa boli za milimita 12 na washa zake, sio misumari peke yake. Ni kazi ya siku mbili.

Na misumari hapa naomba nikae kidogo maana pwani ndo inakoua mapaa na watu wanalaumu mbao. Chumvi inayokuja na upepo wa kusi inaingia hadi darini, inakaa kwenye kila kitu na chumvi yenyewe inavuta maji hewani, kwaiyo msumari mweusi wa kawaida hapo haukauki. Ukipata kutu unavimba, unapasua nyuzi za mbao zinazouzunguka, na ile kutu inailainisha mbao pale pale. Kuna nyumba Pangani niliitwa kubadilisha bati mbili tu, nikashika msumari wa nchi 4 kwenye maungio ya kenchi nikauvuta kwa vidole, ukatoka kama uzi wa embe. Mbao sentimita 5 pembeni yake ilikuwa safi kabisa ya manjano. Lile paa lilikuwa limesimama kwa mazoea. Kwaiyo kwenu angalia maungio, ukiona duara jeusi kuzunguka kichwa cha msumari ongeza boli au mabamba yaliyochovywa zinki, na kuanzia leo msumari wowote unaoingia kwenye hilo paa uwe wa zinki ya kuchovya, sio ule wa kupakwa unaong'aa tu dukani.

Sasa punje za kona ya sebule. Ziokote kidogo weka kwenye karatasi nyeupe, piga picha kwa simu ukivuta karibu. Kama kila punje ina umbo refu kidogo lenye pande sita kama kipande cha penseli, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Huyu sio yule mchwa wa kichuguu, hahitaji udongo wala maji, anaishi ndani ya mbao hiyohiyo, ana kitundu kidogo anasukumia uchafu nje ndo maana unafagia sehemu ileile kila siku. Kama ni unga laini kabisa kama wa ngano basi ni mdudu mwingine, yule anayebungua mbao. Na kama kuna njia za udongo zinapanda ukutani huyo ndo mchwa wa ardhini na dawa yake inaanzia kwenye msingi chini, sio darini. Watu wanamwaga dawa ya mchwa wa ardhini kuzunguka nyumba nzima wakati mwenye nyumba wa kule juu wala hajui kama kuna vita.

Nahisi kwako ni wa mbao kavu. Habari njema kundi lake ni dogo na anakula taratibu. Tafuta kile kitundu juu ya hiyo kona, kama ni papi moja ing'oe ukaichome kama sio mbao ya dawa, weka iliyotiwa dawa. Kama ni kenchi inayobeba, toboa matundu madogo kufuata anakopita, ingiza dawa kwa bomba la sindano ijae, afu pakia mbao za jirani dawa ya boroni. Boroni ni nzuri kwa mbao za ndani, ila isipigwe na mvua, maji yanaiosha yote, fisha bodi isiguse.

Ukinunua mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani zinazoshushwa kutoka Mafinga, chungulia kichwa cha mbao, utaona kijani kinaingia pembeni na katikati ni manjano. Fundi akikata, ile manjano inabaki uchi, lazima pakatwapo papakwe dawa tena papo hapo, wengi hawafanyi. Uliza pia zimekauka kiasi gani, maana mbao mbichi ya 2x6 inaweza kupungua kama milimita 5 ikikauka, misumari inalegea na bati linaanza kuvuja mwaka wa kwanza. Na tafadhali vipande vya mbao za kijani visiende jikoni wala kwa mama ntilie, kwenye ile dawa mara nyingi kuna aseniki, moshi wake ni sumu.

Oili chafu hapana. Haiingii ndani ya mbao, inakaa juu kama losheni, ikipakwa kwenye mbao iliyolowa inafungia maji humohumo, ukija kutaka kupaka dawa ya kweli haishiki tena, na huko juu kuna nyaya za umeme, umeuandalia moto kuni zenye mafuta.

Baada ya hapo panda mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Toa majani kwenye gata na vali, kaza au badilisha misumari ya bati iliyolegea kofia, gusa miguu ya kenchi kwa bisibisi. Ile Februari ni muhimu zaidi, kaskazi linakuwa limekausha mbao zimejikaza na kila kilicholegea kinaonekana.

Ukishapanda kukagua, anza na feni ya bafu na hayo matundu wiki hii, jipsamu yenye doa usiipake rangi kwanza, iache wiki tatu uone kama doa la alfajiri linarudi. Na hiyo picha ya punje nitumie.