Nahodha halowi: dada, usitume malipo ya awali bado

Dada, kama hujatuma pesa, simamisha mkono hapo hapo. Nimesoma swali lako mara mbili. Mko wanane, mnakodi yoti ya peke yenu kwa siku moja, mnataka kuzunguka kisiwa, kuogelea kwa snokeli, lile bomba la kupumulia, juu ya matumbawe, kuona kasa na pomboo. Wawili kati yenu hawajui kuogelea. Unauliza saa ya kuondoka, miwani ya kukodi au ya kununua, kichefuchefu, kamera. Waliotangulia wamekujibu vizuri hadi kukuchagulia kamera. Ila hakuna aliyeigusa ile sentensi uliyoipitisha katikati kama habari njema: dalali amekwambia nahodha mwenyewe atashuka majini kuwaongoza, kwa hiyo hamna haja ya kumlipia mtu mwingine.

Sentensi hiyo na mimi niliuziwa, karibu neno kwa neno. Nahodha wetu ni samaki yule, ataingia nanyi majini, atawapeleka mpaka walipo kasa. Nikafurahi. Nikaona nimepata nahodha na mwongozaji kwa malipo ya mtu mmoja. Tulikuwa tisa: mimi na mke wangu, shemeji zangu watatu, mume wa mmoja wao, mpwa wangu wa miaka 11, rafiki yetu mmoja, na baba mkwe aliyekuja kupunga upepo tu. Upande wao alikuwepo nahodha na kijana mmoja wa jikoni aliyechukuliwa asubuhi ile ile. Basi.

Kituo cha kwanza kilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililotuponza. Maji yalikuwa yamesimama, hayajai wala hayapwi. Nahodha alishuka nasi, tukawaona samaki pono wakiguguna matumbawe, na ule mlio wa meno yao unausikia kabisa ukiwa chini ya maji. Hakuna aliyesogea mbali na boti hata bila kujitahidi. Tukapanda tukiwa na imani naye yote.

Kituo cha pili kilikuwa kwenye ncha ya kisiwa, baada ya mlo. Kufikia hapo maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili, yaani tulikuwa katikati ya bamvu, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, na maji mengi hayo hupita kwenye ncha za visiwa na kwenye milango ya miamba kwa kasi kuliko mahali pengine popote. Mimi tarehe niliichagua kwa kuangalia nani ana likizo. Dalali alikuwa na tarehe hiyo mikononi kwa wiki tatu na hakusema neno.

Nahodha akatia nanga ukingoni mwa mwamba, mahali ambapo sakafu inateremka ghafla. Mnyororo alitoa kidogo kwa sababu, alisema, hatukai sana. Leo najua kwamba mnyororo hutakiwa uwe kama mara 5 ya kina cha maji, na ukitumia kamba uongeze zaidi, kwa sababu nanga hushika pale inapovutwa kwa ulalo sakafuni. Ukiivuta kuelekea juu inang'oka. Siku ile sikujua hata la kuuliza. Akazima injini, akavaa mapezi, akawa wa kwanza kuruka.

Tuliingia wanane, yeye wa tisa. Ndani ya boti wakabaki baba mkwe na yule kijana wa jikoni, ambaye hakuwahi kuwasha injini ile maishani mwake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi wasipoelewa. Ukiwa na uso chini kwenye maji, mkondo huusikii. Wewe na maji mnakwenda pamoja, kwa hiyo hakuna kinachokusukuma wala kukuvuta. Kinachosogea ni sakafu. Mimi niliona matumbawe yanapita chini yangu, mazuri, moja baada ya jingine, wala sipigi mguu, nikadhani mwamba ule ni mrefu sana. Mkondo wa nusu maili ya bahari kwa saa, ambao baharia anauita mdogo, hukuchukua kama mita 15 kila dakika. Dakika 20 ni mita 300. Na mwongozaji wetu, macho yetu sote, naye alikuwa uso chini, anatuonyesha kasa.

Mke wangu ndiye aliyeinua kichwa. Alinigusa bega, nikadhani anataka nione kitu. Boti ilikuwa mbali kuliko nilivyowahi kuiona. Nanga ilikuwa imeng'oka, upepo umeishika, inakwenda upande mmoja na sisi mkondo unatupeleka mwingine.

Nahodha alipoiona, alitukana, akasema "kaeni hapa", akapiga mbizi kuifukuza boti. Kaeni hapa! Kukaa wapi, kwenye maji yanayotembea? Wahenga wanasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nimeona chombo kisicho na nahodha na kundi lisilo na mwongozaji kwa wakati mmoja, na wote wawili walikuwa mtu yule yule, katikati, anaogelea kufukuza boti inayosukumwa na upepo. Boti ndefu yenye upepo tezini, yaani nyuma yake, huhitaji mwogeleaji wa kweli kuifikia, na huyu alikuwa ameshachoka kwa kutuzungusha saa nzima.

Tulishikana mikono tukawa duara. Shemeji yangu mdogo alikuwa na jaketi okozi, ila alikuwa amelilegeza kifuani ili apumue vizuri, likawa linampanda usoni kila wimbi likija. Akaanza kumeza maji. Rafiki yetu alipoteza pezi moja. Mpwa wangu aliniuliza boti inakwenda wapi, nikamwambia imekwenda kugeuza. Akacheka. Nikaendelea kumtania hivyo hivyo, mara nahodha amesahau miwani yake, mara anapigania kombe la kuogelea, huku namfunga mkono wangu kiunoni asije akaniponyoka. Kichekesho kile ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa.

Aliyetuokoa ni baba mkwe. Mzee wa miaka 68 aliyeambiwa akae kivulini asisumbuke. Alipoona tunasogea alikwenda tezini, akanyoosha kidole kuelekea kwetu, na hakukishusha. Alimwagiza yule kijana apunge taulo na kupiga kelele, yeye mwenyewe hakugeuza shingo. Baadaye alituambia vichwa vyetu vilikuwa vinapotea kati ya mawimbi na kurudi, na alijua akipepesa macho kutafuta kitu kingine hatatuona tena. Wavuvi wawili waliokuwa wanapita waliona taulo, wakasogea, na kwa kuwa sisi walikuwa hawatuoni kabisa kutoka pale, walifuata kidole cha mzee. Dakika kama 40 zilikuwa zimepita tangu nahodha atuache.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba mabaharia wana utaratibu huo huo kwa mtu aliyeanguka baharini: mmoja anateuliwa kumwelekezea kidole bila kuondoa macho, na hapewi kazi nyingine yoyote. Baba mkwe hakufundishwa na mtu. Nilipomsomea aliniambia tu, "Sasa ningeangalia wapi?"

Shemeji alilazwa usiku huo kwa maji yaliyomwingia kifuani, akapona. Mpwa wangu amekuwa kijana mkubwa sasa na bado haingii maji yanayompita magoti. Hiyo ndiyo gharama, dada. Pesa za boti nilishazisahau zamani.

Dalali? Nilimpigia kesho yake. Alinijibu kwamba wote tumerudi salama, kwa nini nalalamika. Halafu akaniuliza kama ningependa kuacha maoni mazuri. Nahodha nina hasira naye, lakini kidogo, kwa sababu yeye alikuwa anafanya kazi za watu wawili alizouziwa na mwingine. Yule aliyekaa ofisini akapunguza mtu mmoja ili bei yake ionekane tamu, akalibatiza pengo hilo jina la "huduma ya karibu", huyo simsamehe. Na ndiye anayeongea na wewe sasa hivi, au ndugu yake wa kazi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na ina maneno mawili: nahodha halowi. Muda wote ambapo kuna hata mtu mmoja majini, nahodha yuko kwenye usukani au hatua mbili kutoka hapo, injini iko tayari kuwaka, macho yako juu ya vichwa vyenu. Anayewaongoza majini ni mtu mwingine. Akikwambia maji ni shwari, halowi. Akikwambia ameshawahi kufanya hivi mara mia, halowi. Boti iwe ya mita 10 au 30, iwe na vitanda vya hariri, sijali.

Usidhani hili ni balaa la boti za kubahatisha. Mwaka 1998 huko Australia, kwenye Great Barrier Reef, wapiga mbizi wawili Wamarekani waliachwa katikati ya bahari na boti ya safari za kila siku kwa sababu hesabu ya watu ilikosewa. Boti ilirudi nchi kavu, na siku mbili zikapita kabla ya mtu kugundua, tena kwa sababu ya mkoba uliobaki ndani ya boti. Hawakuonekana tena. Kama boti iliyozoea kazi hiyo inaweza kusahau watu, ninyi wanane mnaojuana kwa majina bado mnahitaji mtu wa kuwahesabu. Na ahesabu vichwa kwa macho yake, mmoja mmoja, kabla nanga haijang'olewa. Kuuliza "wote tupo?" siyo kuhesabu, kwa sababu asiyekuwepo hajibu.

Mwandikie dalali leo, na jibu lije kwa maandishi. Muulize majina ya watakaokuwa kwenye boti na kazi ya kila mmoja. Muulize nani anabaki kwenye usukani mkiwa majini, na nani mwingine ndani ya boti anaweza kuwasha injini. Muulize saa za kujaa na kupwa kwa siku hiyo, na mtashuka saa ngapi kwa kufuata hizo. Kwenye maeneo mengi maji hugeuka kila baada ya saa 6 na dakika chache, kwa hiyo jibu lipo, halihitaji uganga. Kama mnaweza kusogeza tarehe, kaeni mbali na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mwende kwenye maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Hapo ndipo ile saa yako ya kuondoka itakapojipanga yenyewe.

Mkifika, kabla ya kuruka, tupeni kitu kinachoelea muone kinakwenda upande gani. Anzeni kuogelea dhidi ya mkondo mkiwa na nguvu, ili mkichoka mkondo uwarudishe kwenye boti. Nyuma ya boti itupwe kamba ndefu yenye boya mwishoni, mtu akipitiliza ashike hiyo. Filimbi kwa kila jaketi, na majaketi yafungwe mpaka kifuani, hasa wale wawili wasiojua kuogelea. Na mtu yeyote akiwa kwenye ngazi, propela isizunguke kabisa.

Kuhusu wanyama nitasema kidogo tu. Kasa hupumua hewa kama wewe, akipanda juu msimzibe njia, kaeni pembeni atawapita mwenyewe. Pomboo, dalali akikuahidi kuruka katikati yao, kataa. Wale wanaojizungusha hewani huwinda usiku, kisha mchana hupumzika, na boti ikiwakimbiza inawanyima usingizi. Marekani mwaka 2021 ilipiga marufuku kuwasogelea chini ya kama mita 45 kwenye pwani za Hawaii kwa sababu hiyo. Tena fikiria: kwa pomboo nahodha husema "rukeni upesi", boti haijatia nanga, injini inanguruma, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuruka.

Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda boti, ukishaanza kutapika umechelewa. Miwani ijaribuni nchi kavu, ukiivuta hewa kwa pua bila mkanda ikashika uso, inakutosha. Mengine uliyouliza wenzangu wameshayajibu hapo juu.

Ila huo ujumbe kwa dalali andika usiku huu. Akikujibu kwamba nahodha anashuka lakini "haendi mbali", lete jibu lake hapa kabla hujalipa, tulisome pamoja.