Mnataka njia ya baiskeli kijijini kwenu? Nunueni kaunta buku

Juzi msomaji wangu mmoja wa Kasulu ameniandikia. Lami imefika kijijini kwao, waliipokea kwa vigelegele, na sasa wanazika. "Mwalimu, ninyi mliwezaje kupata njia ya baiskeli? Sisi tuanzie wapi?" Nimeurudia ujumbe ule mara tatu. Miaka minne iliyopita nilikuwa na swali hilohilo na sikuwa na wa kumuuliza.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza. Usukumani baiskeli hubeba mpunga, mkaa, madumu ya maji, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Shinyanga mjini baiskeli za abiria zinaitwa daladala. Lakini lami yetu ilijengwa kwa ajili ya mabasi na malori. Ukiiacha lami tu, uko mtaroni. Ukisikia honi nyuma yako, unaruka mtaroni au unabaki ukimwomba Mungu.

Mwaka ule nilimzika mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Alikuwa kwenye keria, kaka yake anaendesha. Lori halikusimama. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Tulianza kwa hasira. Tulipanga mawe na magogo barabarani, vijana watatu wakalala mahabusu, na jioni ile mabasi yakapita kwa mwendo uleule. Mama zao walinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Kisha nikaandika barua kali, nikaifuatilia miezi mitano, kumbe nimeipeleka ofisi isiyohusika. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara. Za wilaya, zikiwemo za vijijini, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo msomaji wangu, jua kwanza barabara yenu ni ya nani. Ningelijua hilo ningeokoa miezi mitano.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi baiskeli, anayefanyia kazi chini ya mwembe pale senta. Aliniambia, "Mwalimu, unalalamika, lakini huhesabu." Akanionyesha rimu zilizopinda, amezitundika kwenye tawi. Kila moja alijua ni ya nani, ilipindia wapi, na aliyekuwa juu yake alivunjika nini. Siku ile nilinunua kaunta buku. Siku ya mnada tuliketi kando ya lami, mimi, fundi na mama lishe wawili, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kila baiskeli mstari. Kila anayetembea kwa miguu mstari. Kila anayeruka mtaroni, tunazungushia duara. Tukarudia siku ya shule, tukarudia msimu wa mavuno. Kwenye barua ya pili niliweka pia takwimu ya Shirika la Afya Duniani, kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hakuna aliyeniuliza habari za dunia. Wote waliomba kuona kaunta buku.

Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa sisi wenyewe. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji jirani yangu alisimama akasema, "Mwalimu anatuletea X," yaani alama inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa. Watu walikuwa wamesikia redioni habari za Kimara, Dar es Salaam, nyumba zilizovunjwa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Nikajibu kwa ukali, mkutano ukavunjika. Kuna waliosema nimeshalipwa. Mimi, niliyekuwa nikitoa nauli mfukoni mwangu!

Nilirudi kusoma. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. X nyekundu ni ya aliyevamia hifadhi, ya kijani ni ya anayestahili fidia. Tukachukua kamba tukapima nyumba kwa nyumba, yule jirani yangu ndiye kashika ncha ya pili. Ikaonekana njia ya mita mbili inapita kati ya mtaro na nyumba bila kugusa ukuta wa mtu. Mkutano uliofuata walinyoosha mikono wote, na mtendaji akaandika muhtasari wenye majina na sahihi.

Muhtasari huo ndio uliofungua milango, si mdomo wangu. Ulipita kamati ya maendeleo ya kata, ukafika Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa na wabunge ni wajumbe. Miaka miwili ya nauli na benchi za kusubiria naiacha.

Kiangazi kilichopita tulipata kilomita mbili za changarawe iliyoshindiliwa, kutoka senta hadi sekondari, vidaraja juu ya mitaro, na matuta mbele ya shule. Siku ya kuizindua kiongozi mmoja alisema, "Nimewaletea." Fundi alikuwa ameketi nyuma kabisa. Hakutajwa hata kwa jina. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Ndugu zangu mnaopenda vijiji vyenu, acheni kungoja mfadhili. Acheni kutukana mitandaoni. Hesabuni, andikeni, pimeni, kisha andikeni tena. Na anayewaita wala rushwa mpeni ashike kamba.

Wewe wa Kasulu, anza siku ya gulio. Kaa na watu wanaojulikana, mmoja wao awe mama anayeuza hapo hapo barabarani. Ukishajaza kurasa kumi niandikie tena, nitakutumia nakala ya muhtasari wetu muone ulivyopangwa.