Kabla hamjagombana kuhusu moshi, pimeni damu

Nyuma ya nyumba tuliyopanga hapa Mombasa kulikuwa na ua wa mabati. Mle ndani vijana walipasua betri kuukuu za magari, wakamwaga asidi mtaroni na usiku kuyeyusha risasi, si ya bunduki bali madini mazito yaliyomo ndani ya betri. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitatu. Alianza kukataa chakula, tumbo likimsokota, choo kigumu, na hasira ambazo hakuwa nazo. Mara tatu tulipewa dawa ya minyoo.

Nilipomwambia jirani yangu anayeuza mahamri kwamba nashuku ule moshi, hakunisemesha wiki nzima. Mumewe alikuwa kibarua mle ndani.

Kosa langu lilikuwa kuanza na kelele. Tuliitisha kikao, kila mtu akasema yake, mwenye ua akatoa karatasi moja: wafanyakazi wake wamepimwa, wako sawa. Karatasi haikuwa na tarehe wala kiwango, imeandikwa tu "sawa". Sisi nasi hatukuwa na hata hiyo. Tukarudi nyumbani tumenuna.

Kwa hiyo ukinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: usikubali kuambiwa "tusubiri uchunguzi" kabla damu ya mtoto haijatolewa. Risasi haikai kwenye damu. Chanzo kikiondoka, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa karibu nusu ndani ya mwezi mmoja hivi, na sehemu kubwa ya inayobaki mwilini huhamia kwenye mifupa na kukaa humo miaka na miaka. Ua ukifungwa leo mkapimwa mwakani, majibu yatasoma kidogo na mtaambiwa mlikuwa mnajitungia. Anayewachelewesha huenda hana nia mbaya, lakini muda unamfanyia kazi yeye.

Omba kipimo cha risasi kwa jina lake, maana hakimo kwenye vipimo vya kawaida. Kama wametumia tone la kidole na limesoma juu, rudia kwa damu ya mshipa. Kidole cha mtoto anayecheza kwenye vumbi lile kinaweza kuwa na risasi juu ya ngozi, na wakili wa upande wa pili ataling'ang'ania hilo. Chukua nakala yenye tarehe na namba. Namba husomwa kwa mikrogramu kwa desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Marekani tangu 2021 hutumia 3.5 kumtambua mtoto aliyezidi wenzake. Mwanangu alisoma 19.

Sasa jambo lililoniudhi. Kwenye kikao cha pili upande wa pili uliuliza: je, wanja? Nilitaka kumrushia mtu kiatu. Lakini wanja wa manga, ule wa jiwe linalosagwa, mara nyingi una risasi yenyewe, na nyanya ya mwanangu alikuwa akimpaka tangu mchanga. Huenda ulichangia. Niliutupa, mama mkwe akanuna. Kilichotuokoa ni kwamba watoto wanne wa nyumba zilizopakana na ua, ambao hawakupakwa wanja kamwe, nao walisoma juu. Safisheni kwanza nyumbani kwenu, wanja na rangi za zamani zinazobanduka, ili hoja hiyo iishe mapema.

Daktari aliponiambia kwa 19 hakuna dawa, nililia. Dawa za kuvuta risasi kwa kawaida huanza kufikiriwa kwenye 45. Tiba ya mwanangu ilikuwa kuondoa chanzo: kupangusa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi likaruka, viatu nje, mikono kuoshwa kabla ya kula, maharagwe, dagaa, maziwa. Mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Wauza "dawa ya kusafisha damu" walinifuata hadi mlangoni. Pesa hizo nilinunulia maziwa.

Na jiandae kwa safari ndefu. Mtaani Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007 na kufungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mtoto wake alipatikana na risasi, aliongoza madai. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka kumi baada ya kufungwa! Karatasi zako ziwekwe pahali ambapo panya na mvua haviingii.

Yule wa mahamri nilimrudia bila kutaja ua. Nilimuuliza tu nguo za mumewe za kazi huzifua wapi. Akasema pamoja na za watoto, beseni moja. Akanyamaza, akafunika karai. Jumatatu iliyofuata tulipanda matatu pamoja kwenda maabara, yeye na kitinda mimba wake mgongoni, na njiani akaniomba nisimwambie mumewe mpaka majibu yatoke.